Jivu Kwenye Boneti

Mlolongo,
13 Januari 2025

Kwa Mwalimu Kavata, dada yangu wa pekee,

Salamu nyingi kama malori yanayopimwa hapa kwa mizani. Mimi niko mzima, nimenona kidogo, na bado nawashinda sura wanaume wote wa Kola, wazee kwa vijana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu hatuwezani. Jumapili umenipigia ukaniambia umenunua gari, ya kwanza kwetu nyumbani tangu pikapu ya mzee wetu, na ukaniuliza inaoshwa na nini ndio rangi ikae. Nikaanza kukuelimisha. Dakika mbili tu, ukasema, "Kitheka, umeanza mdomo." Nikakata. Sasa barua haina kukata. Utaisoma mpaka mwisho na hakuna penye utaniingilia.

Kwanza, hongera. Ile picha umenitumia nimeonyesha kila mtu, hata polisi mmoja aliyekuwa ananiuliza mambo mengine. Lakini nyeusi, Kavata! Umeenda ukachagua rangi yenye kazi kuliko zote. Gari nyeupe ikikwaruzwa hata mwenyewe hajui. Nyeusi ikiguswa na kuku, mpaka Masinga wamejua.

Pili, umeuliza mtu mwenyewe. Nimezunguka na malori miaka kumi na nne, kutoka utingo mpaka dereva. Nimelala Kampala, nimelala Kigali, Juba nilikula samaki mwenye ndevu ndefu kuliko za mchungaji wenu. Huko kote, wenzangu wakitafuta pombe, mimi naangalia venye watu wanaosha magari. Ndio maana leo niko na Kitheka Ota Spa, mashine tatu za presha, watu kumi na wawili kwa kazi. Ukifika kwa mizani uliza tu Kitheka wa kuosha. Mbuzi watakuonyesha.

Sasa fungua katoni nimepatia dereva wa Machakos. Hiyo chupa ya bluu ni shampuu ya gari. Sabuni ingine isiguse gari yako. Ile ya unga ya kufulia inakula tabaka ya juu kabisa, ile haina rangi, inakaa kama kioo. Halafu kuna taulo sita laini. Moja ikianguka chini, hiyo tayari imekuwa ya kupanguza miguu, usiirudishe kwa gari, ina mchanga. Tumia ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuza taulo. Anza juu ushuke, na usioshe kwa jua la saa sita. Maji yawe ya mvua, ya tangi. Yale ya kisima chetu yako na chumvi, yakikauka yanaacha madoa kama mtoto aliyelia akalala bila kunawa.

Hizo chupa mbili ndogo usifungue. Moja ni nta, ya watu wa kizamani. Ingine, nyeusi, yenye maandishi ya Kijapani, ni seramiki. Huyo ndiye mfalme! Inakaa juu ya rangi kama ngozi ya pili, maji yanateleza, vumbi inaogopa. Lakini inapakwa na fundi, si mwalimu. Nitakuja kukupakia mwenyewe siku moja nikipata nafasi.

Msalimie mama, mwaitu wangu. Mwambie mtoto wake anamkumbuka kila siku, isipokuwa siku za kazi nyingi, hizo anamkumbuka mara mbili.

Ndimi,
Kitheka Mutunga
Mkurugenzi Mkuu, Kitheka Ota Spa


Kola,
22 Januari 2025

Kaka Kitheka,

Katoni ilifika ikiwa imefungwa kwa kamba nyingi kana kwamba ndani mna chui. Asante sana. Barua nimeisoma yote, ingawa kwa samaki mwenye ndevu nilipumzika kidogo.

Nina tatizo ambalo halimo katika chupa zako. Mama amekataa kupanda gari. Jumapili ya kwanza nilimfungulia mlango ili nimpeleke kanisani. Akalizunguka, akaligusa kwa kidole, akasema, "Hili halijaoshwa." Nikamwambia limeoshwa jana, nikamwonyesha hata taulo. Akasema, "Nyumba hii gari huoshwa na Kitheka. Siku akiliosha nitapanda." Halafu akaenda kanisani kwa bodaboda, Kitheka. Mwanamke wa miaka themanini na nne, amekaa upande, mkoba magotini, ananipita na gari langu jipya hapo njiani akinipungia mkono!

Mchungaji atakuja kuliombea gari Jumapili tarehe 23 Februari. Utakuja? Najua utasema una kazi. Lakini tangu mazishi ya mzee ni miaka kumi na moja. Siku ile ulikuja na gari jeupe na suti ya kijivu, ukasimama mbele ya watu ukaahidi kumjengea mama nyumba ya mawe, ukaondoka kabla wali haujaisha. Hakuna anayengoja mawe hapa. Mama anataka kukuona uso, basi.

Na swali moja la kitaalamu. Kama mtu, kwa mfano tu, ameona kinyesi cha ndege kwenye boneti, akaamua kukisugua kwa jivu na katani kama vile ni sufuria, je, kuna dawa?

Dada yako,
Kavata


Mlolongo,
27 Januari 2025

Mwalimu,

Kwa mfano! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Huyo "kwa mfano" ana miaka themanini na nne na anapanda boda upande, sivyo?

Usimgombeze. Jivu ni ugonjwa wa kwetu. Umesahau pikapu? Ile Peugeot ya kijani, mlango wa kushoto ulifungwa na kamba ya mkonge, ndani ilikuwa inanuka petroli na nyanya mpaka siku hizi nikikata nyanya naskia mzee anakohoa. Nilikuwa darasa la tatu, wewe hujaanza shule. Mzee alitoka soko ya Machakos saa saba, akalala. Mimi nikasema leo nitamfurahisha, nitaing'arisha kama sufuria za mwaitu. Wewe ndiye ulikuwa unaniletea jivu kwa kikombe cha uji, unakimbia unamwaga nusu. Tukasugua boneti yote, tukamwagia maji, tukangoja ing'ae.

Ilipokauka ilikuwa kama goti la mtoto bila mafuta. Wewe ukakimbia kujificha kwa bibi, mama ya mzee. Mimi nikaingia chini ya gari kungoja kifo. Nikaona viatu vya mzee vinakuja, vinazunguka, vinasimama. Akaniita nitoke. Akauliza, "Hii ni kazi ya nani?" Nikasema yangu. Nilikuwa nimeshafunga macho. Akaniwekea mkono kwa kichwa, akaangalia boneti tena kwa makini, akasema, "Hapa pembeni umeruka."

Basi. Hakunichapa. Jumatatu akaiendesha hivyo mpaka sokoni, na mtu akicheka anaambiwa, "Kijana wangu ndiye fundi." Mwaka mzima alitembea na hiyo boneti ya jivu. Shule nilifika darasa la saba tu, lakini mimi cheti changu nilipewa siku hiyo.

Turudi kwa kazi. Pitisha ukucha juu ya hizo alama. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni wa juu, polishi itautoa. Nimekutumia chupa ya polishi na kitambaa chake. Ukinasa, hapo ni fundi wa rangi. Lakini usikubali mtu yeyote akupakie seramiki kabla alama hazijatoka, atazifungia ndani na zitakuangalia mpaka siku utauza gari.

Kuhusu tarehe 23, Kavata, ningependa. Lakini siku hiyo niko na magari ya harusi kumi na nane, na balozi mmoja, jina siwezi kutaja. Mwambie mwaitu apande tu. Kuosha ni kuosha.

Kitheka Mutunga
Mkurugenzi Mkuu


Kola,
6 Februari 2025

Kaka,

Polishi imefika, asante. Ukucha haunasi.

Juzi Jumanne nilikuwa na mkutano Nairobi. Mwalimu mwenzangu, Musau, ndiye aliyeendesha, maana ile barabara kuu bado inanitia hofu. Malori yalikuwa mengi. Tulirudi salama.

Kuhusu tarehe 23, usijisumbue tena. Nimefikiri, nimeona tunakubana bure. Nitatafuta fundi mjini Machakos atoe hizo alama na kupaka hiyo seramiki, na mama nitaongea naye taratibu. Wewe jitunze tu. Kula vizuri. Na uvae soksi nzito ndani ya viatu, maji ya baridi siku nzima si mazuri kwa mtu wa umri wako.

Nakupenda sana, kaka yangu.

Kavata


Mlolongo,
10 Februari 2025

Kavata,

Umefundisha miaka thelathini lakini kudanganya hukufundishwa. Mkurugenzi gani anashinda na miguu kwa maji? Na tangu lini umeniandikia kwamba unanipenda? Hata nilipougua malaria ya Kigali ulinitumia tu dawa na maneno makali.

Wacha mimi nikwambie ya Jumanne, kwa sababu wewe umeogopa.

Saa nne hivi iliingia gari nyeusi. Dereva mtu mwembamba wa miwani, simjui, akasema ameambiwa amngoje mzee Kitheka. Nikasema ndiye huyu. Nikaanza juu, nikashuka. Povu ilipoteleza kwa boneti nikaona alama. Duara ndogo ndogo, zinapanda zikielekea kulia. Hapa watu husugua magari yao na kila kitu, na brashi ya choo, na mchanga. Lakini zile duara nazijua. Ni za mtu wa mkono wa kushoto anayesugua sufuria akiwa ameinama, na huyo mtu alinizaa.

Nikajua gari ni yako. Nikajua hautakuwa mbali. Ng'ambo kuna hoteli ya chai, na kwa dirisha niliona kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau. Sikuinua kichwa tena. Nikasema, haya, amekuja kuona, aone. Niliosha hiyo gari saa moja na nusu. Niliosha penye hakuna mtu huosha, ndani ya kifuniko cha mafuta, chini ya mikanda. Nilikuwa nangoja utoke uje unisalimie, na nilikuwa naomba Mungu usitoke.

Basi, ujue yote. Kitheka Ota Spa ilikuwako, sikuongopa, miaka sita. Ilikuwa kando ya barabara. Barabara ikapanuliwa. Tingatinga ilikuja asubuhi, na wakati wa chakula cha mchana kilikuwa kimebaki kibao cha jina peke yake. Kwa sasa naosha kwa mama anaitwa Katunge, mtu mzuri. Mashine tatu ni za yeye. Wale watu kumi na wawili ni kweli, lakini mmoja wao ni mimi. Balozi hakuna. Na ile gari nyeupe ya mazishi ya mzee ilikuwa ya mteja, alikuwa amesafiri akaniachia niioshe. Niliirudisha safi kuliko alivyoileta. Suti ilikuwa yangu. Hiyo usininyang'anye.

Sasa nitakuja Kola na uso gani? Watu walinipigia makofi pale kaburini. Mwaitu anangoja mkubwa, na mkubwa hayuko. Tafuta huyo fundi wa Machakos. Mwambie polishi aipake kidogo, kama ukubwa wa punje ya mahindi, asikandamize.

Kitheka


Kola,
14 Februari 2025

Kaka,

Nilipofika hapo nilimuuliza yule mama, Katunge, iko wapi Kitheka Ota Spa. Akasema hiyo haijui. "Lakini kuna mzee Kitheka, yule wa viatu vya gambuti. Ukitaka gari lioshwe vizuri ngoja yeye, wenye haraka ndio huenda kwa wengine." Kulikuwa na magari matatu yanakungoja wewe, na waoshaji wanne wamekaa bila kazi. Hilo hukuliandika. Wewe mwenye kujisifu kwa mambo yasiyokuwapo, ukaliacha lililokuwapo.

Nikamwachia Musau gari, nikaenda ng'ambo kunywa chai ili uje unishangae. Ulipopiga magoti kuosha chini ya milango nikaona mgongo wako ni mgongo wa mzee wetu, hivyo hivyo, na miguu yako imelowa maji. Nikasema nikitoka sasa nitamwaibisha. Nikanywa chai ya tatu sina kiu. Kumbe ulinijua, na ulikuwa unangoja. Nisamehe. Nilidhani nakulinda, na nilikuacha umepiga magoti peke yako.

Mama nimemwambia. Siku tatu nilipanga maneno. Nilimkuta uani anachambua mbaazi, nikakaa chini, nikamweleza yote, biashara iliyobomolewa, gari jeupe la mteja, na kwamba umeajiriwa kuosha. Mikono yake haikusimama. Akaniuliza, "Bado anaosha?"

Nikasema anaosha.

"Anaosha vizuri?"

"Vizuri, mama. Watu wanapanga foleni."

Akaniangalia vile ninavyomwangalia mwanafunzi aliyerudia darasa. "Sasa wewe, Mwalimu, mimi nilisema nini? Nilisema gari lioshwe na Kitheka. Nilisema lioshwe na Kitheka mkurugenzi?"

Akaendelea na mbaazi zake. Baadaye akaongeza kwamba gari jeupe alijua si lako siku ile ile, maana lilinuka marashi ya mwanamke ambaye hukuja naye, na kiti cha mtoto kilikuwa nyuma. Miaka kumi na moja amekaa na hilo na hajamwambia mtu!

Tangi la maji ya mvua limejaa nusu. Fundi wa Machakos sijamtafuta na sitamtafuta.

Kavata


Mlolongo,
24 Februari 2025

Kavata dada yangu,

Najua tumeachana jana tu jioni, na simu ninayo. Lakini kuna kitu kilitokea Jumamosi wakati umeingia jikoni, na singeweza kukwambia mbele ya watu. Ungelia, halafu mimi ningelia, na polishi ingekaukia kwa gari.

Kwanza wacha nijisifu kidogo ndio mkono uchangamke. Mimi nilishuka hapo Kola nikiwa na moyo wa panya. Nilijua lazima mtu ataniuliza, na jirani hakungoja hata nifike mlangoni. "Mkurugenzi! Gari nyeupe iko wapi?" Nikamwambia nimeiosha mpaka ikaisha. Walicheka, nikacheka, na hiyo ikawa ndiyo habari yote. Miaka kumi na moja nimekimbia kicheko cha dakika moja.

Na mchungaji alipomaliza maombi jana, mwaitu akafungua mlango mwenyewe akakaa mbele, akagonga dashibodi, "Haya, tulikaushe." Nilikuwa nimesahau kabisa! Mzee akishaosha pikapu alikuwa anatupakia wote nyuma, anatuzungusha mpaka madukani na kurudi, hanunui kitu, anasema gari isipokaushwa na upepo itashika kutu. Jana ulipokuwa unaendesha polepole na taa za hatari umewasha kama harusi, niliangalia nje ya dirisha kwa muda mrefu. Uliniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa.

Sasa hiyo ya Jumamosi. Nilikuwa nimemaliza kutoa zile duara. Zilitoka zote, isipokuwa moja pembeni, ndogo, hiyo niliiruka makusudi na usiniulize. Mwaitu alikuwa kwa kiti chake ananiangalia tangu asubuhi, ananyoosha tu kidole penye anaona povu imebaki. Nikatoa zile chupa mbili nikaziweka juu ya ndoo. Akauliza hiyo nyeusi ni nini.

Nikamweleza. Unanijua, nilieleza vizuri. Nikamwambia huyu ndiye mfalme, amevuka bahari, nikimpaka leo gari haihitaji kuguswa miaka mitatu.

"Na hiyo ingine?"

"Hiyo ni nta, mwaitu. Ya kizamani. Kwa jua la hapa inakaa miezi miwili inaisha, halafu lazima mtu arudi apake tena."

Nikachukua ile nyeusi, nikaanza kuifungua.

"Paka hiyo ya miezi miwili."

Nikamwambia, "Mwaitu, hii ingine ndiyo bora."

Akasema, "Sijakuuliza iliyo bora."

Nilipaka nta, Kavata. Niliinama nikapaka milango yote minne bila kugeuka kumwangalia, na yeye akaniacha nipake.

Seramiki nimerudi nayo, nitampa Katunge auzie mtu ambaye hana mama. Nta yako imepakwa tarehe 22. Nimehesabu, inaisha karibu na Pasaka. Nimeshaomba ruhusa, nitakuja Jumamosi ile na basi ya kwanza. Mniwekee mbaazi.

Ndugu yako,
Kitheka